Ushuru Sifuri, Biashara Kiduchu: Hesabu za Mstari wa Kijani wa Kupro

Mwaka 2022, bidhaa zote zilizotoka kaskazini mwa kisiwa cha Kupro (wengi wetu tunakiita Saiprasi) na kuingia kusini kwa hati halali zilikuwa na thamani ya takriban yuro milioni 14.6. Mwaka huohuo kikosi cha Umoja wa Mataifa kinacholinda mstari unaokigawa kisiwa hicho kilitumia zaidi ya dola milioni 50. Kwa maneno mengine, kila yuro 1 ya bidhaa iliyovuka mstari ilikuwa na zaidi ya yuro 3 zilizotumika kuulinda mstari wenyewe.

Mtu akiziona hesabu hizo atadhani forodha ndiyo inayoinyonga biashara. Sivyo. Ushuru wa forodha kwa bidhaa hizo ni sifuri, na tangu 2008 umekuwa sifuri hata kwa mazao ya kilimo. Biashara inanyongwa na gharama ndogondogo zinazoizunguka bidhaa: cheti, ukaguzi, leseni ya dereva, bima ya lori, benki za pande mbili zisizowasiliana, na mwenye duka anayeogopa macho ya wateja wake. Uchambuzi huu unazipima kuu kati ya gharama hizo, kisha unaonyesha yaliyotokea pale zilipoondolewa.

Kisiwa kwa vipimo

Kupro ina ukubwa wa kilomita za mraba 9,251. Ilipata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1960, ikiwa nchi ya jamii mbili kubwa: Wakupro Wagiriki, ambao ndio wengi, na Wakupro Waturuki. Desemba 1963 mapigano yalizuka kati yao, na jenerali wa Kiingereza, Peter Young, akachora kwa penseli ya kijani kwenye ramani ya mji mkuu, Nicosia, mstari wa kuwatenganisha wapiganaji. Jina la Mstari wa Kijani limebaki hadi leo.

Julai 1974, utawala wa kijeshi wa Ugiriki ulichochea mapinduzi kisiwani, na siku 5 baadaye jeshi la Uturuki likavamia. Vita viliposimama Agosti, mstari ulikuwa umerefuka kutoka pwani hadi pwani: kilomita 180. Kaskazini yake ipo zaidi kidogo ya theluthi moja ya kisiwa. Mwaka 1983 eneo hilo lilijitangazia uhuru, lakini ni Uturuki peke yake inayolitambua. Kati ya pande mbili lipo eneo lililo chini ya Umoja wa Mataifa, lenye kilomita za mraba 346. Sehemu nyingine lina upana wa zaidi ya kilomita 7. Ndani ya Nicosia kuna mahali ambapo ni hatua chache tu kutoka ukuta hadi ukuta.

Hasara ya kwanza ya kiuchumi ilionekana bandarini. Kabla ya 1974, Famagusta ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya kisiwa, ikipitisha sehemu kubwa kabisa ya shehena ya kawaida. Baada ya vita ilibaki kaskazini, na Oktoba 1974 serikali ya Jamhuri ya Kupro, inayotawala kusini, ikatangaza kuwa imefungwa. Kusini ikalazimika kuijenga upya biashara yake ya baharini kupitia Limassol na Larnaca. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Nicosia ulijikuta katikati ya mstari, na haujatumika na abiria tangu mwaka huo. Kisiwa kimoja kikajenga bandari mara mbili, viwanja vya ndege mara mbili na mitambo ya umeme mara mbili, kwa watu ambao hata leo hawafiki milioni moja na nusu.

Kwa takriban miaka 29 raia wa kawaida hakuweza kuvuka. Tarehe 23 Aprili 2003 mamlaka za kaskazini zilifungua njia, na watu wakapanga foleni ndefu kwenda kuziona nyumba walizozikimbia. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa kuunganisha kisiwa, uliobeba jina la Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Katika kura ya Aprili 2004, karibu asilimia 65 ya Wakupro Waturuki waliukubali, na karibu asilimia 76 ya Wakupro Wagiriki waliukataa. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, Kupro iliingia Umoja wa Ulaya ikiwa imegawanyika. Kisheria kisiwa chote kimo ndani ya Umoja huo, lakini sheria zake zimesimamishwa kaskazini. Hapo ndipo ilipohitajika Kanuni ya Mstari wa Kijani, namba 866 ya 2004, kueleza ni nani na nini kinaweza kupita, na kwa masharti gani.

Milioni 14.6 ni kiasi gani?

Ni nyingi ukizilinganisha na zilikotoka. Mwaka 2021 thamani ya bidhaa zilizovuka ilikuwa takriban yuro milioni 6, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja biashara iliongezeka zaidi ya mara mbili. Ukuaji wa namna hiyo unastahili kusifiwa.

Ukizilinganisha na uchumi wa kisiwa, hata hivyo, ni chache mno. Pato la taifa la upande wa kusini mwaka 2022 lilikuwa karibu yuro bilioni 28. Milioni 14.6 ndani ya bilioni 28 ni sawa na senti 5 katika kila yuro 100. Ukizigawa kwa wakazi wa kusini, ambao sensa ya 2021 iliwahesabu takriban 920,000, kila mmoja anapata bidhaa za yuro 16 kwa mwaka mzima kutoka kwa jirani anayekaa mtaa wa pili. Huku bidhaa ambazo kusini iliagiza kutoka ng'ambo mwaka 2022 zilizidi yuro bilioni 10. Meli zilivuka bahari kuleta vitu ambavyo vingine vinatengenezwa nusu saa kwa gari kutoka dukani.

Biashara ya upande wa pili, kutoka kusini kwenda kaskazini, ni ndogo zaidi. Mamlaka za kaskazini nazo zimejiwekea vibali na vizuizi vyao ili kuvilinda viwanda vya kwao. Lawama, kwa hiyo, haina upande mmoja.

Safari ya gunia la viazi

Ili kuelewa kwa nini ushuru sifuri hautoshi, lifuate gunia moja la viazi mviringo. Viazi vimekuwa miongoni mwa bidhaa zinazojulikana sana katika biashara hii.

Safari inaanza kabla ya kulima. Mkulima wa kaskazini hawezi kupanda mbegu yoyote aliyonayo. Viazi vinavyovuka lazima vitokane moja kwa moja na mbegu iliyothibitishwa rasmi katika nchi ya Umoja wa Ulaya. Kisha wanakuja wataalamu huru walioteuliwa na Tume ya Ulaya kukagua magonjwa ya mimea, shambani na wakati wa kuvuna na kufungasha. Wanateuliwa watu wa nje kwa sababu Jamhuri haiwezi kuutambua muhuri wa bwana shamba wa kaskazini bila kuonekana imeitambua serikali yake. Mwenye machungwa naye ana sharti lake: matunda yasiwe na majani wala vikonyo.

Baada ya hapo inahitajika hati ya kuisindikiza bidhaa, nayo inatolewa na Chemba ya Biashara ya Wakupro Waturuki. Ni utaratibu uliofikiriwa vizuri, kwa sababu Chemba hiyo ni chombo cha wafanyabiashara chenye uhalali uliotangulia mgawanyiko wa 1974, na kupokea karatasi yake hakumlazimu mtu kuitambua serikali. Hati inathibitisha kwamba bidhaa imepatikana kaskazini, au kwamba hatua ya mwisho ya maana ya kuitengeneza ilifanyika huko. Bidhaa ya Uturuki iliyobadilishwa mfuko tu haipiti.

Kwenye kituo cha kuvukia, maofisa wa Jamhuri wanalinganisha hati na mzigo. Mnunuzi wa kusini analipa kodi ya ongezeko la thamani kama kawaida. Na vituo vyote si vya malori: kati ya vituo 9 vilivyopo kisiwani, vingine ni vya waenda kwa miguu, kikiwemo kile cha Mtaa wa Ledra, kilichofunguliwa Aprili 2008 katikati ya maduka ya Nicosia.

Kila hatua kati ya hizi ina sababu yake, na hakuna hata moja iliyowekwa kwa ubaya. Lakini kila hatua ina bei, na bei hiyo haipungui mzigo unapokuwa mdogo. Mwenye kontena 20 za mabomba ya plastiki anaigawa gharama ya karatasi kwa mabomba maelfu. Mwenye magunia 30 ya viazi anaibeba yote mwenyewe. Ndiyo maana mkulima mdogo, ambaye ndiye angefaidika zaidi na soko la jirani, ndiye wa kwanza kukata tamaa.

Lori lisilotambulika, rafu isiyo na nafasi

Tuseme hati zote zimekamilika. Sasa nani ataubeba mzigo? Kwa miaka mingi vyeti vya ukaguzi vya magari ya biashara ya kaskazini, pamoja na leseni za kitaaluma za madereva wake, havikutambuliwa kusini. Mwenye mali akalazimika kutafuta lori na dereva wenye karatasi za Jamhuri, au kuhamisha mzigo kutoka lori hadi lori. Kwa bidhaa yenye thamani kubwa na uzito mdogo hilo linavumilika. Kwa viazi, mawe ya ujenzi na samani, gharama ya kupakua na kupakia tena inakula faida yote.

Vyakula vilivyosindikwa vina ukuta wao. Kwa miaka mingi mamlaka za afya za kusini zilivizuia kwa hoja kwamba haziwezi kujua usafi wa viwanda vya kaskazini, huku zikikataa matokeo ya ukaguzi unaofanyika huko. Mazao ya wanyama kwa ujumla yamekatazwa. Samaki wabichi na asali ndio walioruhusiwa kwanza, kuanzia 2007.

Mwisho kabisa ipo rafu ya duka. Tume ya Ulaya, katika ripoti zake za kila mwaka, imerudia kueleza kwamba wafanyabiashara wa kusini wanasita kuuza bidhaa zenye maandishi ya Kituruki, na wateja wengine wanazikwepa. Hakuna kanuni inayoweza kuifuta hofu hiyo. Kwa sababu ya vita vya 1974, watu wapatao 160,000 au zaidi walikimbia kwenda kusini, na makumi ya maelfu wakahama kwenda kaskazini. Anayekataa kununua boksi la machungwa huenda anajua limetoka shamba la nani. Uchumi unaoyahesabu machungwa bila kuihesabu hati ya lile shamba haujamaliza hesabu.

Miguu inayapita malori

Pamoja na hayo yote, fedha zinavuka mstari kila siku, nyingi kuliko zinazoonekana kwenye takwimu za malori. Zinavuka mifukoni.

Kanuni inamruhusu mtu kuvuka na bidhaa za matumizi yake zenye thamani ya hadi yuro 260. Mwanzoni kiwango kilikuwa 135. Kilipandishwa mwaka 2008. Piga hesabu: ukizigawa yuro milioni 14.6 kwa 260, unapata watu 56,000. Yaani asilimia 6 tu ya wakazi wa kusini, wakivuka mara moja kwa mwaka na kununua hadi kikomo, wanaifikia biashara yote ya malori ya mwaka 2022. Na wanaovuka si mara moja kwa mwaka: safari za kuvuka huhesabiwa kwa mamilioni. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejaa bila muhuri wa Chemba.

Kilichoisukuma zaidi hali hii ni lira. Kaskazini inatumia sarafu ya Uturuki, na kusini inatumia yuro tangu 2008. Mwanzoni mwa 2021, yuro 1 ilikuwa sawa na takriban lira 9. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa takriban lira 20. Bei za kaskazini nazo zilipaa, lakini kwa mwenye yuro mfukoni bidhaa nyingi zilikuwa bado rahisi, petroli ikiwa ya kwanza. Chukua mfano wa kukadiria tu: tofauti ikiwa senti 50 kwa lita, tangi la lita 50 linamwokolea dereva yuro 25 kwa safari moja. Hahitaji hati ya kusindikiza wala mtaalamu wa kukagua. Anavuka, anajaza, anarudi.

Kwa Mkupro Mturuki anayelipwa kwa lira, hesabu hiyohiyo iligeuka maumivu. Mshahara wa lira 9,000, uliokuwa na thamani ya yuro 1,000 mwanzoni mwa 2021, ungekuwa na thamani ya yuro 450 mwishoni mwa 2022 kama usingeongezwa. Ndiyo maana kazi za kusini, hasa za ujenzi, zinavutia. Wakupro Waturuki wengi wana haki ya uraia wa Jamhuri, hivyo ni raia wa Umoja wa Ulaya, na maelfu wamepata riziki kwa kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Mshahara unaoletwa nyumbani kwa yuro ni uhusiano wa kiuchumi kama ulivyo mzigo wa viazi, ingawa hauingii kwenye jedwali la biashara.

Nyaya na mabomba

Umeme na maji taka vinaonyesha kitu kingine: pande hizi mbili zinaweza kushirikiana kwa kiwango kikubwa pale hasara ya kutoshirikiana inapomgusa kila mtu.

Kwa takriban miongo miwili baada ya 1974, kaskazini ilitumia umeme uliozalishwa kusini, na bili hazikulipwa. Kisha mambo yakageuka. Tarehe 11 Julai 2011, makontena 98 ya silaha na baruti yaliyohifadhiwa juani katika kambi ya jeshi la majini ya kusini yalilipuka. Watu 13 walikufa, na mtambo wa Vasilikos jirani yake, uliokuwa ukizalisha karibu nusu ya umeme wa kusini, ukaharibika vibaya. Ilikuwa kilele cha joto. Ndani ya siku chache kaskazini ilianza kuuza umeme kusini, na kwa kuwa mashirika ya umeme hayakuweza kusaini mkataba uso kwa uso, Chemba za Biashara za pande mbili ndizo zilizosimama katikati. Waya ulikuwepo, na uhitaji ulikuwepo. Iliyokosekana ilikuwa njia ya kulipana isiyomlazimu mtu kumtambua mwenzake, nayo ikapatikana kwa haraka.

Maji taka yalitangulia kwa zaidi ya miaka 30. Nicosia imekaa kwenye mteremko, na uchafu hauna uraia. Mwaka 1978, wakati bado hakuna raia aliyeruhusiwa kuvuka, viongozi wawili wa mji, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, walikubaliana kuwa na mfumo mmoja. Mtambo mpya wa pamoja ulioko Mia Milia, au Haspolat kwa Kituruki, uligharimu takriban yuro milioni 29, zilizotolewa na bodi ya maji taka ya Nicosia pamoja na Umoja wa Ulaya. Unaweza kusafisha meta za ujazo 30,000 kwa siku, karibu milioni 11 kwa mwaka, na maji yaliyosafishwa yanafaa kumwagilia mashamba. Kwenye kisiwa kikame, hiyo ni mali.

Sasa tazama bomba la pili. Tangu Oktoba 2015 Uturuki inapeleka maji kaskazini kwa bomba lenye kilomita 80 ndani ya bahari, lililoundwa kubeba meta za ujazo milioni 75 kwa mwaka. Kusini, huku nyuma, inachoma mafuta kusafisha maji ya bahari yawe ya kunywa. Bomba la kwanza liliunganisha mji mmoja. La pili linaishia mstarini, kwa sababu swali la nani atalimiliki halina jibu linalokubalika na wote.

Jibini moja, majina mawili

Hakuna bidhaa inayoonyesha fursa iliyolala kama jibini la kisiwa hiki, halloumi kwa Kigiriki na hellim kwa Kituruki: gumu, jeupe, lisiloyeyuka kikaangoni. Kusini inalisafirisha kwa zaidi ya yuro milioni 250 kwa mwaka. Jibini peke yake linaingiza fedha zaidi ya mara 17 ya biashara yote iliyovuka mstari mwaka 2022. Kaskazini nako, bidhaa za maziwa ndizo zinazoongoza mauzo ya nje, na nchi za Ghuba ni miongoni mwa wanunuzi wake.

Aprili 2021 Umoja wa Ulaya uliyasajili majina yote mawili kama mali ya kisiwa kizima, na kinga ikaanza Oktoba mwaka huo. Mtengenezaji wa nchi nyingine hawezi tena kuyatumia majina hayo sokoni Ulaya. Kampuni binafsi ya ukaguzi, Bureau Veritas, ilipewa kazi ya kuthibitisha ubora pande zote mbili: tena mtu wa nje, kwa sababu ileile ya viazi. Wakati huohuo Tume iliruhusu hellim kuvuka, kwa sharti kwamba mifugo, maziwa na viwanda vifikie viwango vya Ulaya vya afya ya wanyama. Sharti hilo ni la haki, lakini ni ghali: linataka maabara, madaktari wa mifugo, na kuyatokomeza magonjwa zizi kwa zizi. Umoja wa Ulaya umekwisha kuitengea jamii ya kaskazini zaidi ya yuro milioni 600 tangu 2006. Sehemu ya fedha hizo ikienda kwenye mazizi, itarudi kwa njia ya soko.

Bei ya kungoja

Mwaka 2014 wachumi watatu, Fiona Mullen, Alexander Apostolides na Mustafa Besim, walichapisha kupitia PRIO, taasisi ya utafiti wa amani, makadirio ya faida ya kuungana. Kwa bei za 2012, walikadiria kuwa uchumi wa kisiwa kizima ungekua kutoka yuro bilioni 20 na kitu mwaka 2012 hadi karibu bilioni 45 ifikapo 2035. Huo ni ukuaji wa takriban asilimia 3.6 kila mwaka kwa miaka 23. Mtu anaweza kuyapunguza makadirio hayo kwa nusu, na bado faida itabaki kubwa.

Lakini kungoja suluhu ya siasa ndipo biashara iruhusiwe kupumua ni kumtoza mkulima gharama ya kosa asilolitenda. Mengi yanayoibana yanaweza kuondolewa bila mtu yeyote kumtambua mwenzake, kwa sababu njia imekwisha kuonekana: Chemba ikatoa hati badala ya serikali, mtaalamu wa nje akakagua badala ya wizara, fedha za umeme zikapita kwa wafanyabiashara. Utaratibu huohuo unaweza kuthibitisha lori na dereva wake. Unaweza kukagua kiwanda cha juisi. Unaweza kuongeza kituo cha kuvukia kinachopokea mizigo, na kupandisha kikomo cha yuro 260, ambacho hakijaguswa kwa miaka mingi huku bei zote zikipanda.

Gharama ya hatua hizo haielekei kufikia bajeti ya mwaka mmoja ya kikosi cha kulinda amani, ambayo theluthi yake inalipwa na Jamhuri ya Kupro yenyewe. Viongozi wa pande zote mbili wamesema mara nyingi kwamba wanataka watu wao waishi kwa kusaidiana. Kipimo cha maneno hayo kipo, na kinachapishwa na Tume ya Ulaya kila mwaka: ni thamani ya bidhaa zilizovuka. Mkulima wa magunia 30 atakapoweza kuuza upande wa pili na kubaki na faida, ndipo tutajua kwamba walimaanisha.